Mtembea Reli Aliyepanda Treni ya Mwenzake

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Amoni Silwimba anainama, anagonga boliti kwa nyundo ya mpini mrefu, kisha anatega sikio. Boliti iliyokaza hutoa mlio mkali. Iliyolegea huguna. Hii inaguna. Anashusha spana begani, anaizungusha mara tatu, anagonga tena, anasonga mbele.

Ni Juni 1984, na mwezi huu baridi ya Tunduma haina huruma. Ukungu umelala juu ya njia ya reli kiasi kwamba mataruma ishirini mbele hayaonekani. Amoni amevaa koti la kazi, kofia ya sufu aliyoivuta hadi masikioni, na buti ambazo soli ya kushoto ameifunga kwa waya.

"Hizi ni za mwaka juzi," anasema. "Mpya nimeomba. Nazisubiri kama kila mtu anavyosubiri sukari."

Kazi yake ni kutembea. Kila siku, isipokuwa Jumapili, huanza stesheni ya Tunduma na kufuata reli hadi Mpemba, kilomita nane, kisha kurudi nane nyingine. Hukagua boliti, hutazama kama chuma kimepasuka au kokoto zimechukuliwa na maji. Treni ikija husimama pembeni na kuinua bendera. Ya kijani ikiwa njia ni salama, nyekundu ikiwa kuna hatari. Kwa kazi hiyo hupata shilingi mia tisa na arobaini kwa mwezi, na mkewe hulima mahindi na maharage ili nyumba ifike mwisho wa mwezi.

Wanawake wawili kutoka ng'ambo ya mpaka wanapishana naye, vichwani wamebeba vikapu vilivyofunikwa kanga. "Mulishani," anawaamkia kwa Kibemba. Wanamwitikia bila kupunguza mwendo. Hawaulizi anaenda wapi. Wanamjua.

Karibu na saa tatu ukungu umeanza kuachia. Tunafika Mpemba, mimi mwandishi nikimfuata nyuma. Hatua kama ishirini kutoka relini kuna nyumba ya matofali mabichi yenye baraza, na barazani cherehani. Mwanamume aliyevaa futi ya kupimia shingoni anainua kichwa.

"Leo umechelewa, Silwimba."

"Boliti nne zimelegea."

"Haya, pita."

Ni hayo tu. Amoni anapita. Anakagua boliti kadhaa kabla ya kusema.

"Yule anaitwa Gwakisa Kibona. Ni ndugu yangu katika kanisa. Na yule ndiye niliyemwibia safari."

*

Amoni ana umri wa miaka ishirini na minane. Alizaliwa Chitete, kule bondeni kwenye joto, katika familia ya wakulima wa ulezi. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka tisa. Mwaka 1973 aliposikia kwamba wajenzi wa reli wanatafuta vibarua, alipanda mlima kwa miguu siku mbili hadi Tunduma. Alikuwa na miaka kumi na saba, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kubeba mawe.

Hakuwa na mahali pa kulala. Aliyempokea ni fundi mwashi mmoja kutoka Majita, Mkoa wa Mara, jina lake Yonasi Mafuru.

"Mzee Yonasi aliniona nimelala kwenye rundo la mifuko ya saruji," anasema Amoni. "Hakuniuliza kabila wala dini. Alisema, 'Mwanangu, saruji inakula mapafu. Njoo nyumbani.' Tangu baba afe, hakuna mtu aliyekuwa ameniita mwanangu."

Yonasi alikuwa Mmennonite. Huku kwetu, Wamoravian na Walutheri ndio waliozoeleka, na Wamennonite wengi wako huko Mara. Lakini Yonasi hakungoja kanisa lije. Kila Jumapili alasiri alifungua mlango wa nyumba yake kwenye kota za reli, akatandika mkeka, akasoma Biblia kwa sauti hata kama msikilizaji alikuwa Amoni peke yake.

Amoni alibatizwa mwaka 1975, wa kwanza kati ya wenyeji. Kufikia mwaka 1978 vijana walikuwa kumi na mmoja. Hawakuwa na jengo. Walichokuwa nacho ni miguu na baiskeli mbili. Walikwenda Nanyala, walikwenda Igamba, walipanda hadi milima ya Ileje, wakilala katika nyumba za waumini wa madhehebu yoyote waliokubali kuwapokea. Waliimba, waliwasaidia wenyeji wao kupalilia, walikula kilichokuwepo.

"Mzee alikuwa na msemo wake," anakumbuka Amoni. "Alisema kanisa halikaliwi, linatembezwa. Ukikaa na imani yako nyumbani kwako, utadhani ni kubwa. Ukiipeleka kwa watu, ndipo utajua kimo chake."

Ni katika safari ya Ileje, mwaka 1977, walipompata Gwakisa.

*

Gwakisa alikuwa fundi cherehani, Mndali, kijana mwembamba mwenye sauti ya chini. Alisikiliza vijana wakiimba jioni moja, na miezi miwili baadaye akashuka na cherehani yake, akapanga chumba Mpemba.

"Mwanzoni nilifurahi," anasema Amoni. "Mimi ndiye niliyemtafutia chumba kile."

Furaha haikudumu. Gwakisa alikuwa na kipaji cha kukumbuka maandiko. Alisoma sura mara mbili akaisema yote bila kitabu. Zaidi ya hapo, alijua kusikiliza. Watu waliokuja kushona suruali walibaki barazani kwake nusu saa wakimweleza shida zao.

"Mimi nikiomba, watu walifumba macho. Gwakisa akiomba, watu walilia," anasema Amoni. "Nilianza kuhesabu. Jumapili hii ameombwa asome yeye. Jumapili iliyopita pia yeye. Nikawa nakwenda ibadani kama mtu anayekwenda kuangalia mpira, kuona nani kafunga."

Kilichomkata zaidi ni neno moja. Jumapili moja Gwakisa alipomaliza kuomba, Yonasi alimshika bega na kusema, "Ahsante, mwanangu."

Amoni anasimama relini anaponieleza hayo, ijapokuwa hakuna boliti anayoikagua.

"Lile jina lilikuwa langu. Mtu mzima naweza kukwambia leo kwamba mzee anaweza kuwa na wana kumi. Siku ile sikuweza. Nilirudi nyumbani nikakataa chakula, nikasema naumwa tumbo. Kweli nilikuwa naumwa, lakini si tumbo."

*

Mapema mwaka 1978 ilikuja barua kutoka Majita. Vijana wa Kimennonite wa kule walikuwa wanaandaa mkutano mkubwa mwezi Julai, na waliwaalika wenzao wa Tunduma. Ingekuwa safari ya karibu juma zima: treni hadi Dar es Salaam, treni nyingine hadi Mwanza, meli hadi Musoma, na lori hadi kijijini.

Vijana walilima shamba la pamoja, wakauza mahindi, na nauli ikatosha watu wanne. Yonasi angeongoza. Waliobaki watatu walichaguliwa na kikundi kwa kunyoosha mikono.

Wa kwanza alikuwa Elina Nzunda, binti wa wakulima wa kahawa wa Igamba, aliyekuwa akiongoza nyimbo. Wa pili alikuwa Watson, karani wa duka la ushirika. Wa tatu alikuwa Gwakisa.

Amoni alipata kura tatu.

"Na moja ni yangu mwenyewe," anasema, bila kutabasamu. "Wakasema, 'Amoni atakuwa wa akiba, mmoja akishindwa ataingia.' Wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Mikono ilikuwa inapiga, roho inachemka."

Safari ilipangwa Jumamosi. Lakini Jumatatu ya juma hilo Yonasi akapokea simu ya maandishi kutoka Mara: mkutano umewahishwa siku mbili, waondoke Alhamisi. Watson na Elina walikuwa Tunduma wakapata habari siku ile ile. Aliyebaki ni Gwakisa, kule Mpemba.

Yonasi alimwita Amoni. Amoni anayakumbuka maneno yake yote.

"Alisema, 'Wewe kesho unapita Mpemba. Mwambie mwanangu Gwakisa tunaondoka Alhamisi asubuhi. Asichelewe.' Basi. Hakuona haja ya kumtuma mtu mwingine. Mimi nilikuwa napita pale kila siku ya Mungu."

Jumanne Amoni alipita Mpemba. Gwakisa alikuwa barazani akimpima mteja. Walipungiana mikono. Amoni akajiambia kwamba mwenzake ana kazi, atamwambia wakati wa kurudi. Wakati wa kurudi alipita upande wa pili wa reli.

Jumatano Gwakisa mwenyewe alimwita.

"Aliniletea viazi vya kuchemsha. Akaona koti langu kifungo kimekatika. Akasema, 'Simama hivyo hivyo.' Akachukua sindano akakishona nikiwa nimelivaa, hapa, kifuani. Huku anashona akaniuliza, 'Kuna habari yoyote kutoka kwa mzee?'"

Amoni anagonga boliti, anasonga mbele.

"Nikasema, 'Hakuna. Mambo ni yale yale, Jumamosi.' Akakata uzi kwa meno. Akasema, 'Sawa, ndugu yangu. Mungu akubariki.'"

*

Alhamisi asubuhi Amoni alifika stesheni na begi. Ruhusa ya kazini alikuwa ameiomba tangu Jumanne. Yonasi alipouliza Gwakisa yuko wapi, alijibu kwamba habari alimpa. Treni ikaingia. Hapakuwa na muda wa kumfuata mtu kilomita nane.

"Pengine ameona vigumu kuacha nguo za watu," Yonasi alisema kwa huzuni. "Amoni, panda wewe."

Lakini kuna jambo ambalo Amoni, kwa wivu wake, hakuwa amelifikiria. Treni inayotoka Tunduma kwenda Dar es Salaam hupita Mpemba.

Elina Nzunda ndiye aliyekuwa dirishani. Leo Elina ni mke wa Amoni, mama wa watoto wawili, Yunisi na mdogo wake. Ninapomkuta shambani kwake mchana anaegemeza jembe na kunisimulia sehemu hiyo mwenyewe.

"Nilimwona Gwakisa barazani," anasema. "Alikuwa kwenye cherehani, futi shingoni. Nikampungia. Akasimama. Akatazama kama mtu aliyeona msiba, halafu akaanza kukimbia kuelekea relini. Treni haikusimama pale. Akakimbia kidogo, akaacha."

Elina aligeuka akamtazama Amoni, aliyekuwa amekaa dirisha la upande wa pili.

"Nikamwambia, 'Yule amevaa nguo za kazi. Mtu anayejua anasafiri leo hawezi kuwa kwenye cherehani. Ulimwambia?' Akasema, 'Nilimwambia.' Nikajua anadanganya, maana hakuuliza ni nani ninayemsema."

Kwa nini hakumweleza Mzee Yonasi?

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na sikuwa na ushahidi. Nikasema moyoni, Bwana, huyu mtu mpaka aseme mwenyewe. Nikamnyima maneno toka pale hadi Mwanza."

*

Wanne hao walisafiri siku sita. Kwa vijana ambao hawakuwahi kuvuka Mbeya, ilikuwa ni kama kupewa nchi nzima mkononi. Waliona milima ikishuka kuelekea Mlimba, wakaona tambarare isiyo na mwisho karibu na Tabora. Ndani ya behewa waliimba, na abiria wasiowajua wakajiunga. Mama mmoja Mwislamu, aliyejitambulisha kwa jina la Bi Stumai, aliwagawia maandazi kutoka Dodoma hadi Shinyanga, akisema vijana wanaoimba bila kulewa ni nadra, lazima walishwe.

Watson, aliyekuwa mtu wa aibu, alisimama behewani akatoa ushuhuda wake kwa mara ya kwanza. Elina alijifunza nyimbo za Kijita kwa msichana waliyekutana naye melini. Walipofika Majita waligawanywa katika nyumba za waumini. Walichota maji ziwani pamoja na wenyeji wao, walikula ugali wa muhogo na samaki, na jioni walikaa uani wakiulizana mambo ambayo nyumbani hakuna aliyewahi kuwauliza: unaamini nini, na kwa nini.

"Wenzangu walikuwa wanakua mbele ya macho yangu," anasema Amoni. "Ungemwona Watson leo na Watson wa wiki iliyopita, watu wawili. Mimi nilikuwa nahesabu siku za kurudi. Kila kizuri nilichokula kilikuwa na jina la mtu mwingine. Na bado, utashangaa, wivu haukuisha! Niliwaza, kama Gwakisa angekuwa hapa, hawa wote wangekuwa wamemzunguka yeye. Nimemwacha huko mbali na bado namwonea wivu."

Kila jioni wenyeji waliomba kwa ajili ya "ndugu aliyeshindwa kufika". Amoni aliitikia amina.

Siku ya tano ya mkutano ilikuwa ya Meza ya Bwana. Katika kanisa hilo, kabla ya mkate na kikombe, waumini hutawadhana miguu, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Mtu hupiga magoti mbele ya mwenzake akiwa na beseni na taulo.

Aliyempigia Amoni magoti alikuwa Danieli, mwalimu wa shule ya msingi, mwenyeji wake tangu siku ya kwanza. Danieli aliuchukua mguu wake wa kulia, mguu uliopasuka kisigino kwa kutembea juu ya kokoto, akaanza kuumwagia maji.

"Akasema polepole, 'Ndugu, miguu hii imefanya kazi,'" anasimulia Amoni. "Nikauvuta mguu. Beseni likapinduka. Watu wakageuka. Nikasema, 'Usinioshe. Mahali hapa si pangu.'"

Akasimama miguu mitupu kwenye maji yaliyomwagika, akasema yote. Viazi, kifungo, Jumamosi.

Kisha mama mmoja mzee, aliyekuwa akiongoza upande wa wanawake, akasema, "Ahsante kwa kuliweka nuruni, mwanangu. Lakini si sisi tuliokosewa. Huwezi kumlipa wa Tunduma ukiwa Majita."

Danieli alichota maji mengine. Amoni alikataa. Alikaa benchi la nyuma hadi ibada ikaisha, na mkate hakuula.

*

Mzee Yonasi hakumsemesha kwa siku tatu. Alikuja kumsemesha melini, wakirudi Mwanza.

Amoni alikuwa ameandaa maneno. Alimwambia mzee kwamba yote yalianza pale alipomwita Gwakisa "mwanangu".

"Nilitegemea atasema, kweli, na mimi nilikosea. Akanitazama. Akasema, 'Usinitafutie sehemu katika kosa lako, Amoni. Ni lako lote. Libebe.' Halafu akasema, 'Lakini mpaka mlangoni kwake nitakwenda na wewe.'"

Na ndivyo ilivyokuwa. Siku iliyofuata baada ya kufika, walitembea pamoja hadi Mpemba. Yonasi alibaki kwenye njia. Amoni akapanda barazani.

Gwakisa alikuwa anakata kitambaa. Alimsikiliza hadi mwisho bila kuweka mkasi chini.

"Nilijua," anasema Gwakisa sasa, ninapomrudia peke yangu alasiri. Ni mtu anayepima maneno kama kitambaa. "Nilijua tangu treni ilipopita. Nilimwona Elina dirishani, nikajiuliza nani alipita hapa juzi na jana. Ni mtu mmoja tu anayepita hapa. Sikuhitaji kufikiri sana."

Alimjibu nini?

"Nilimwambia, 'Nimesikia. Nenda kazini.'"

Kwa miezi minane hapakuwa na zaidi. Kazi ya Amoni ilimlazimisha kupita mbele ya baraza lile mara mbili kwa siku. Kila asubuhi alisema, "Habari za asubuhi." Kila asubuhi Gwakisa alijibu, "Nzuri," macho yakiwa kwenye sindano. Jumapili waliketi mkeka mmoja. Amoni aliomba kubadilishiwa kipande cha reli, akakosa.

"Nilikuwa nimesamehe kwa mdomo," Gwakisa anasema. "Kila Jumapili nilitamka. Lakini kila nikimwona na lile koti, nilikuwa natamani nikiondoe kifungo changu."

Machi 1979, katikati ya mvua, Amoni alipita akiwa ameloa chapachapa. Gwakisa akamwita.

"Kaa," akamwambia. "Nisimulie."

"Nikusimulie nini?"

"Safari. Yote. Tangu stesheni. Usifiche kizuri hata kimoja eti kunihurumia."

Amoni alisimulia. Siku ile hadithi yake haikufika hata Mbeya, kwa sababu reli ilikuwa inamngoja. Kesho yake aliendelea kwa dakika kumi, na keshokutwa dakika kumi. Mvua za mwaka ule zilikwisha kabla ya hadithi. Bi Stumai na maandazi yake walichukua siku tatu, kwa kuwa Gwakisa alitaka kujua hata rangi ya kanga yake.

"Ilikuwa adhabu," anasema Amoni. "Kueleza jambo zuri mbele ya mtu uliyemnyima! Afadhali angenipiga."

"Nilitaka kumpiga," anasema Gwakisa. "Pale aliponieleza walivyoimba melini, nilishika meza. Roho iliniuma, wivu wangu ukawa mkubwa kuliko wake. Ndipo nilipomwelewa kidogo. Nikaona, kumbe hiki ndicho kilichokuwa kinamla."

*

Mwaka 1980 Amoni alimwoa Elina. Wengi walimshangaa binti huyo.

"Wanawake wengi huolewa kwanza, ubaya wa mtu wakaugundua baadaye," anasema Elina. "Mimi nilianza na ubaya. Nilikuwepo behewani akidanganya, na nilikuwepo kanisani akisimama kwenye maji. Huyu Baba Yunisi hana kitu cha kunishtua."

Mwaka uliofuata kikundi kilipata tena nauli za kwenda Mara. Mikono iliponyooshwa, Gwakisa alikuwa wa kwanza. Amoni hakuwekwa hata akiba, wala hakuomba.

Asubuhi ya safari alikuwa kazini, karibu na Mpemba. Treni ilipotokea alisimama pembeni, akainua bendera ya kijani.

"Ndiyo kazi yangu, kuonyesha kwamba njia ni salama," anasema. "Wakawa wanapunga mikono, wanaimba. Nikaona shati jeupe la Gwakisa. Nikuambie kweli, ndugu mwandishi? Mkono ule ulikuwa mzito. Bendera nyekundu ilikuwa kwapani."

Gwakisa alirudi baada ya majuma matatu. Hakumsimulia Amoni chochote.

Namuuliza Gwakisa kwa nini, ilhali yeye alidai kusimuliwa yote. Anapitisha uzi kwenye tundu la sindano.

"Nilitaka ibaki yangu kwanza," anasema. "Najua si vizuri. Ilinichukua mwaka mzima kuanza kumpa, kidogo kidogo."

*

Vijana wa kikundi hicho sasa ni ishirini na watatu. Mzee Yonasi alistaafu mwaka 1982 akarudi Majita. Mkeka umehamia kwa Amoni na Elina, na kila Jumapili alasiri uwanja wao hujaa. Wanaotembelea vijiji sasa ni wadogo zao, na Amoni huwapa sharti moja kabla hawajaondoka: ujumbe wa mtu ufikishwe siku ile ile.

Mwezi Agosti, kwa mara ya kwanza, vijana wa Mara ndio watakaokuja Tunduma. Ni wageni kumi na wanane, kwa siku tisa.

Ndiyo sababu Amoni, akitoka kazini saa tisa, havui buti. Anaingia uwanjani na kuanza kufyatua matofali. Anaongeza vyumba viwili. Kuta zimefika kiunoni. Saruji haipatikani, kwa hiyo anatumia udongo, na bati ameahidiwa na ndugu wa Nanyala aliyebomoa kibanda chake. Elina anakanyaga udongo huku mtoto mgongoni.

Mmoja wa wageni hao atakuwa Mzee Yonasi.

Barua ilifika Mei. Amoni anaijua kwa moyo. Mzee ameandika kwamba anawasalimu wote, kwamba magoti yanamsumbua lakini atakuja, na kwamba akifika atalala Mpemba, kwa "mwanangu Gwakisa".

"Niliisoma mara nne," anasema Amoni. "Hivi vyumba nilivianza kwa ajili yake."

Je, alifanya nini?

"Zamani ningenyamaza, nikapanga langu. Safari hii nilikwenda Mpemba jioni ile ile, baada ya kazi. Nikamwambia Gwakisa, 'Nimeona wivu. Nakwambia mapema ili usije ukashangaa uso wangu.' Nikamwomba, katika siku tisa hizo, anipe mbili mzee alale kwangu."

Amekubali?

Amoni anaweka tofali juani, analisawazisha ukingo kwa kidole gumba.

"Amekubali moja," anasema. "Ile ya pili bado tunaiombea."